Kibaraza Kwanza, Mlango Baadaye

Ndugu msomaji, ukifika Mbinga kutoka Songea, usikomee mjini. Shika barabara ya Mbamba Bay, ambayo siku hizi ni ya lami, uteremke nayo kuelekea Ziwa Nyasa. Ni mwendo wa kilomita zisizozidi 70, lakini ndani yake utabadili hali ya hewa. Nyuma yako unaiacha milima ya Umatengo yenye baridi na mibuni. Mbele yako lipo ziwa, ambalo usawa wake ni mita zipatazo 474 tu juu ya bahari, na ufuko wake ni wa joto. Baina ya nchi hizo mbili ndipo vilipo vilima vya Tingi, kata iliyokuwa ya Wilaya ya Mbinga na ambayo sasa ni ya Wilaya ya Nyasa.

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnafanya kazi mijini, na kila mwaka mnatenga fedha kidogo kwa ajili ya nyumba ya wazazi kijijini. Fedha hiyo ikipatikana, jambo linalotajwa kwanza aghalabu ni mlango wa mbele: mpana, wenye nakshi, unaong'aa kwa vanishi, ili mpita njia ajue kwamba mwenye nyumba ana mtoto anayemkumbuka. Wahenga walikwisha kusema, nyumba njema si mlango. Katika nchi kama ya Tingi usemi huo una maana ya ziada, kwa sababu mlango usiokuwa na kibaraza hauishi.

Mvua za huku ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au hata Mei. Hunyesha zikisukumwa na upepo, zikaupiga ukuta kwa ubavu. Ubao uliolowa usiku na kukaushwa na jua mchana huvimba na kusinyaa, vanishi hubanduka, na maji hupenya katika maungo. Miaka michache haijapita, mlango umegoma kufunga na miimo imeanza kuoza pale inapogusa sakafu. Mwenye nyumba humlaumu seremala. Kosa ni la paa.

Watu wa nchi hii hawahitaji kufundishwa habari za maji na mteremko. Wamatengo ndio waliobuni ngolo, kilimo cha mashimo yaliyozungukwa na matuta, ambacho huyanasa maji ya mvua mlimani yasiuchukue udongo. Fikira hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa mbele ya nyumba: kwanza uyaongoze maji, kisha ndipo upande kitu chako.

Kwa hiyo, ukitaka kuitengeneza nyumba upya, anza na paa la kibaraza. Litokeze mbele hatua mbili kamili za mtu mzima, ili mvua ya upepo isiufikie mlango. Sakafu iinuliwe juu ya uwanja, na iwe na mwinamo mdogo wa kutoka nje. Nguzo za mti zisizikwe ardhini, maana huko ni kuwakaribisha mchwa. Zisimamishwe juu ya jiwe au kitako cha saruji. Mfereji mdogo uchimbwe pale matone ya bati yanapoangukia, upeleke maji mbali na msingi.

Hayo yakiwa tayari, sasa zungumza na seremala. Mkoa wa Ruvuma una jadi ndefu ya useremala, ikiwamo ile ya karakana za Peramiho, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898. Fundi mzuri atakuambia kwamba mninga hauliwi upesi na mchwa wala haujipindi ovyo, lakini ile sehemu nyeupe ya pembeni ikataliwe, kwa kuwa wadudu huipenda. Mkaratusi ni wa bei nafuu, ila ukitumiwa mbichi hupasuka. Mbao zote zipangwe kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti, zikauke kwa miezi kadhaa. Nunua kwa mwuzaji mwenye kibali na udai stakabadhi. Mlango mzito utiwe bawaba tatu, si mbili.

Upana wa mlango usiupime kwa macho. Mlango wa mbele hupitisha kitanda, gunia la kahawa na mgonjwa anayebebwa na watu wawili. Na siku moja utapitisha jeneza. Uwazi wa mita moja si anasa.

Yuko pia mgeni asiyebisha hodi. Kando ya ziwa malaria ni adui wa kila siku, na mbu huingia jioni milango ikiwa wazi, au hupita katika nafasi iliyopo kati ya ukuta na paa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Gambia ulionyesha kwamba nyumba zilizozibwa kwa wavu ziliingiwa na mbu wachache zaidi, na watoto wake walipungukiwa damu kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Basi nakshi ipunguzwe, fedha hiyo inunue mlango mwepesi wa wavu na wavu wa kidirisha cha juu. Chandarua kiendelee kutumika.

Mwisho, tuseme neno juu ya nondo. Mijini tumezoea kukizungushia kibaraza vyuma kwa hofu ya wezi, na wengi huipeleka desturi hiyo kijijini pamoja na mabati. Fikiri kabla hujafanya hivyo. Wamatengo walikuwa na sengu, mahali ambapo watu wa ukoo walikusanyika, wakala pamoja na kushauriana mambo yao. Sengu ya zamani imefifia, lakini kibaraza kilicho wazi kimeirithi sehemu ya kazi yake: hapo jirani huketi bila kualikwa, ugomvi wa mpaka wa shamba husikilizwa, mzee huwaona wapitao na wapitao humwona. Ukikifunga kwa kufuli, umemlinda mzazi wako na mwizi, na umemnyima watu. Tena moto ukizuka usiku, ufunguo utatafutwa gizani.

Ndugu msomaji, kabla hujatuma fedha ya mlango, uliza swali moja: jioni mama na baba huketi wapi, na mvua ikinyesha huhamia wapi? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha fedha yako ianzie kazi wapi.