Kabla hujamtumia ndugu yako BMW

Sisi tunaoishi Uingereza tumegeuzwa madalali wa magari wasiolipwa. Usukani wa huku uko kulia kama wa nyumbani, minada ya magari yaliyotumika imejaa kila mji, na BMW ambayo Dar bado ingetazamwa mara mbili hapa inauzwa kwa bei ya kutupa. Basi simu hazikauki. Ndugu atauliza mwaka, atauliza kilomita, atauliza kama ni ya dizeli na kama viti ni vya ngozi. Aliyeko Kenya ataanza na umri, maana kule gari lililozidi miaka 8 haliingii. Lakini la matairi halimo katika maswali yao.

Na mengi ya magari hayo yamevaa ranflati, yaani tairi linaloendelea kubeba gari hata upepo ukiisha wote. Siri yake iko ubavuni. Tairi la kawaida lina ubavu mwembamba, na kinachobeba uzito ni upepo. Upepo ukitoka, ubavu unakunjika na rimu inaukalia. Ranflati imeongezwa mpira mgumu mbavuni hadi ubavu wenyewe unasimama. Ahadi ya watengenezaji wengi ni kilomita 80 bila upepo, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Kampuni za magari zikaipokea ahadi hiyo kwa mikono miwili: zikaondoa tairi la spea, mara nyingi na jeki na spana yake, gari likapungua uzito na buti likapata nafasi. BMW ndio walioshika bango zaidi kuanzia miaka ya 2000, na Mini wamo humohumo.

Kwa Uingereza hesabu hiyo inaingia akilini. Ukipata pancha kwenye M1 usiku wa Januari, mvua inanyesha na malori yanakupita karibu kiasi cha kuyumbisha gari, huna unachokitaka zaidi ya kuondoka pale. Kuna vipande vya barabara hizo ambavyo havina hata ukingo wa kuegesha gari bovu. Taa ya njano yenye alama ya mshangao inawaka, unapunguza mwendo, unafika nyumbani, unalala. Katika kilomita 80 za nchi hii unapita karakana za matairi hadi unachoka kuzihesabu.

Shida inaanza kesho yake asubuhi. Kijana wa karakana niliyoiendea aliinama, akauona msumari umekaa katikati kabisa ya sehemu inayokanyaga lami, pahala ambapo kanuni za Uingereza zinaruhusu tairi kuzibwa. Akaniuliza: umeliendesha likiwa halina upepo? Nikamwambia ndiyo, si ndiyo kazi yake? Akatikisa kichwa. Haya hatuzibi. Hakulifungua, hakulichungulia ndani. Sera ya karakana ilikuwa imekwisha kuamua, na kwa kweli ndivyo watengenezaji wengi wanavyoshauri: ranflati ikishatembea tupu, hakuna anayeweza kukuhakikishia ubavu umebaki mzima.

Kisha ikaja habari ya saizi. BMW nyingi za michezomichezo zimevaa matairi yasiyolingana: mbele 225/45 R17, nyuma 255/40 R17. Langu, la nyuma, halikuwepo stoo, likaagizwa. Siku lilipofika nikakaa kwenye benchi kutazama linavyovishwa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wananitoza zaidi. Mashine yao ina mikono ya ziada inayoshuka juu ya tairi na kulikandamiza ubavuni huku rimu ikizunguka polepole. Kijana akapaka sabuni nzito ukingoni, akasimamisha mashine, akageuza pembe, akaanza tena, maana ndani karibu na valvu kuna sensa ya upepo ambayo ukiibonyeza vibaya inavunjika na bili inapanda. Mashine ya kawaida isiyo na mikono hiyo inaweza kulipasua tairi jipya mbele ya macho yako.

Kwa hiyo hata huku ranflati ni ghali na ina madaha. Ila madaha yake yana wa kuyahudumia: mashine ipo, stoo ipo, na karakana ikikwama kuna gari la kukuvuta ulilokwishalilipia kwa mwaka mzima.

Sasa njoo nyumbani. Shemeji yangu alijinunulia BMW yake kwenye yadi ya Dar, bila kunihusisha, na kazi yake inampeleka Iringa mara kwa mara. Kwa wasioijua njia hiyo: ukitoka Morogoro unakatisha katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 za lami ambako tembo na twiga wanavuka wanavyotaka, mwendo ni 70 na kushuka kwenye gari ni marufuku. Nakiri kwamba kwa kipande hicho sijui tairi bora kuliko ranflati. Kubadilisha gurudumu huku nyati anakuangalia si jambo la kumwombea mtu. Lakini ukishatoka hifadhini bado una safari: mji wa Mikumi, bonde la joto lenye mibuyu hadi Ruaha Mbuyuni, halafu mlima Kitonga, halafu ndiyo unaanza kuitafuta Iringa. Ile ahadi ya kilomita 80 inakwisha katikati ya bonde, na imetolewa kwa barabara tambarare na mzigo wa kadiri. Joto linaipunguza, abiria wanne wanaipunguza, na Kitonga sijui kama waliohesabu waliwahi kuisikia.

Shemeji alisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, kama kila mtu. Aliposhuka akasikia harufu ya mpira unaoungua. Taa ya njano ilikuwa inawaka tangu siku aliyonunua gari, akawa ameizoea. Tairi la nyuma kushoto lilionekana limejaa, halina dosari. Akanipigia kwa video ya WhatsApp.

"Shemeji, hebu ona. Fundi anasema hakuna upepo hata kidogo. Mbona limesimama?"

Fundi wa pancha alikuwa na vitu vyake vyote: kompresa ya petroli, beseni la maji, nyundo, na vyuma viwili vya kung'olea tairi. Akamwagia maji ya sabuni, akaiona skrubu, wala haikuwa kubwa. Angeweza kuziba kwa nje papo hapo, dakika chache, na shemeji angelipa na kuondoka. Lakini ile harufu haikumpendeza. Akataka kulifungua. Alipiga, akakandamiza kwa mguu, akachomeka chuma, tairi halikubanduka kwenye rimu. "Bosi, tairi hili wamelijaza zege," akasema. Ikabidi aitwe mwenzake wa ng'ambo ya barabara anayehudumia malori ya Tunduma, mzee mwenye nondo ndefu na mabega ya kazi hiyo. Wawili wakasimama juu yake. Likatoka, na rimu ikabaki na mikwaruzo ambayo hakuna rangi itakayoificha.

Ndani kulikuwa na unga mweusi. Yule mzee akauzoa kwa kiganja akauleta karibu na simu ili mimi niliye mbali nione vizuri: mpira uliosagwa, na ubavuni alama ya duara pale ulipokuwa ukijisugua wenyewe. "Limejila," akasema. "Tobo nitakuzibia, lakini usipande nalo Kitonga."

Tazama basi. Kijana wa Uingereza na mzee wa Ruaha Mbuyuni wametoa hukumu ileile. Mmoja aliitoa bila kufungua tairi, kwa sababu kitabu kimemfungulia; mwingine aliitoa akiwa na ushahidi mkononi. Mimi nampa alama zaidi huyu wa pili, ingawa najua si kila fundi wa pancha kati ya Chalinze na Makambako angejisumbua kiasi hicho. Wengi wangeziba kwa nje, wangejaza upepo, wangesema "twende kazi". Nisingewalaumu sana, maana kwa tairi la kawaida aliyekwishaona lilivyolala hahitaji kuambiwa limeumia. Ranflati inaficha ugonjwa.

Na hapa ndipo penye tatizo lenyewe, kubwa kuliko ugumu wa kulivua. Kwa kuwa tairi hilo haliinami likiwa tupu, kinachoweza kukuambia umepata pancha ni ile taa. Ranflati haitengani na taa. Ukiikata taa, ranflati haifai. Ulaya ililazimisha vifaa vya kupima upepo kwenye magari yote mapya kuanzia Novemba 2014, na hapa Uingereza taa hiyo ikiwaka, gari lililosajiliwa kuanzia 2012 linaweza kuanguka kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Lakini sensa iliyomo ndani ya gurudumu ina betri ndogo isiyochajiwa, na hiyo huchoka baada ya miaka kati ya 5 na 10. Sasa piga hesabu ya umri wa magari yanayoshuka bandari ya Dar na Mombasa. Gari linafika kwetu wakati uleule sensa zinapokufa. Magari mengine hayana sensa ndani. Yanalinganisha mizunguko ya magurudumu kupitia mfumo wa breki za ABS. Hayo nayo yanataka uyaambie upya kila unapojaza upepo au kubadilisha tairi, na aliyekuuzia yadini hakukuonyesha kitufe. Matokeo ni yaleyale ya shemeji: taa inawaka tangu siku ya kwanza, mtu anaizoea, siku ya pancha haina jipya la kumwambia.

Shemeji alilala Ruaha Mbuyuni. Duka la Dar halikuwa na ranflati ya saizi ile, likawa na tairi la kawaida. Akanunua mawili ili nyuma yote yafanane, kwa sababu kuchanganya ranflati na la kawaida kwenye ekseli moja ni kuliambia gari liyumbe kwenye kona. Yakapakiwa kwenye basi la asubuhi kama kifurushi kingine chochote, kondakta akayashusha mchana. Huduma hiyo huku sina. Nilipohitaji langu nilisubiri kwa muda mrefu zaidi, nchi ambayo unaivuka kwa gari kwa siku moja.

Wapo watakaosema gari lilibuniwa kwa ranflati na kuiondoa ni kuliharibu. Springi na shokomzoba zilipimwa kwa tairi gumu, ni kweli, na ukiweka la kawaida utahisi tofauti kidogo. Lakini BMW wenyewe hawakuiweka kwenye M3 ya kizazi cha 2007, gari walilolijengea mbio, wakampa mwenye gari chupa ya dawa ya kuzibia na kipampu. Na kwa barabara zetu tofauti hiyo ni faida tupu. Ranflati ikipita kwenye rasta za kuingilia kijijini, meno yako ndiyo yanayozihesabu.

Kinachobaki ni spea. Buti nyingi za magari haya hazina shimo la kuiweka, kwa hiyo italala juu ya zulia na kula nafasi ya mizigo, ifungwe mkanda isirukeruke. Kama matairi ya mbele na nyuma yana upana tofauti, tafuta rimu nne zinazofanana, kwa mfano zote za 225/45 R17, ili spea moja itoshe kila mahali. Ni fedha, lakini ni pungufu ya ranflati nne za kuagiza, na saizi hiyo ya kawaida Dar na Nairobi inapatikana. Chupa ya dawa na kipampu navyo ni msaada kwa tobo la msumari. Kwa tairi lililochanika ubavu kwenye shimo havikusaidii.

Jambo moja nalisema kwa wenzangu wa huku. Msipakie kwenye kontena ranflati zilizotumika mkidhani mnawasaidia ndugu. Sheria ya Uingereza inataka tairi la mtumba liwe na angalau milimita 2 za mpira unaokanyaga barabara na mhuri wa kuonyesha limetumika, lakini mhuri hausemi kama liliwahi kutembea tupu. Unga mweusi unafutwa kwa kitambaa.

Kwa hiyo ukitumwa gari, kabla hujainua mkono mnadani, chuchumaa usome ubavu wa tairi. BMW wanaandika RSC, Bridgestone RFT, Goodyear ROF, Michelin ZP, Continental SSR. Kwenye Mercedes utaona MOE. Ukiona mojawapo, jumlisha bei ya matairi matano ya kawaida, jeki na spana, umwambie ndugu yako jumla hiyo na si bei ya gari peke yake. Akikubali, fungua buti na kisanduku cha mbele utafute ufunguo wa nati za kuzuia wizi wa rimu, kile kipande kidogo cha chuma ambacho minadani hupotea. Bila hicho, hata yule mzee wa Ruaha Mbuyuni atapata kazi kulivua gurudumu.