"Ukikatwa Jina, Utabaki?" Swali Lililotakiwa Kuulizwa Mapema

Leo tuwape mapumziko mastaa na ndoa zao, tuongelee siasa kidogo, maana na siasa ina ndoa na talaka zake. Majina ya watu wa nyumbani kwetu Mabatini sitayataja kwa sababu wenyewe wananisoma. Nitasema Baba, Mama na Kaka, inatosha.

Turudi mwaka 2015. Kwa mliokuwa wadogo: Rais Kikwete alikuwa anamaliza muda wake, CCM inatafuta mrithi, na kila mwenye suti nzuri alijiona anatosha. Wanachama 42 walichukua fomu, 38 wakarudisha. Fomu ilikuwa shilingi milioni moja, halafu unazunguka kutafuta wadhamini 450 kwenye mikoa 15, mitatu kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Kanda ya Ziwa tulijaaliwa kweli kweli: Wasira, Ngeleja, Muhongo, Makongoro Nyerere, Kamani, Mpina, na Magufuli wa Chato aliyechukua fomu kimya kimya bila matarumbeta. Wasira alikuja kutangazia nia hapa hapa Mwanza. Kwa hiyo habari ya "tumchague wa kwetu" haikutusaidia chochote, maana wa kwetu peke yao walikuwa wanajaza Noah.

Sasa kasheshe ilianzia hapo. Kila mmoja alitangaza nia kwenye ukumbi wake, mbele ya watu wake, na muziki wake. Waandishi wa habari waliwauliza maswali mmoja mmoja, huku na kule. Ila chama chenyewe hakikuwapanga jukwaa moja mbele ya wanachama, mmoja akisema hivi mwenzake amjibu. Ni kama kutafutiwa mchumba kwa picha za profaili tu: huyu kapendeza, huyu ana gari, huyu kwao wana heshima. Akinuna anakuwaje? Utajua mbele ya safari.

Vijiweni ikawa hivyo hivyo. Ukikaa kwa kinyozi, stori ni nani kajaza uwanja, nani ana hela, nani "msafi". Sikumbuki hata siku moja watu wakibishana kuhusu jibu alilotoa mtu.

Nyumbani Baba ni balozi wa shina, kadi yake ya tangu chama kinazaliwa mwaka 1977. Msimamo wake ulikuwa mmoja: chama kitaamua. Kaka ni bodaboda, na mwaka ule alikuwa Lowassa damu, Safari ya Matumaini ubavuni kwa pikipiki, na jina lake lipo kwenye orodha ya wadhamini. Mama anauza samaki soko la Mirongo. Yeye hakuwa na mgombea.

Julai ikafika. Vikao Dodoma. Majina 38 yakaingia Kamati Kuu, yakatoka matano: Membe, Magufuli, Migiro, January Makamba na Balozi Amina Salum Ali. Lowassa hayumo. Siku iliyofuata Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Mkutano Mkuu ukamaliza kazi: Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Mtaani kwetu waliopiga vigelegele ni wengi, maana ni mtu wa ziwa, na enzi zake aliwahi kufanya kazi Chama cha Ushirika cha Nyanza hapa hapa mjini. Kaka alizima redio akaingia kulala saa moja jioni.

Julai 28 Lowassa akahamia Chadema. Kaka akahama naye siku hiyo hiyo. Bendera mpya kwenye pikipiki, na pikipiki inalala uani kwa balozi wa CCM! Baba hakufoka. Aliacha kuongea naye, basi. Ikawa Mama ndiye posta: "Mwambie mwanao asogeze pikipiki." "Mwambie mumeo funguo ziko dirishani." Watu wanalala nyumba moja, wanakula sufuria moja. Siku kumi nzima.

Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa, Agosti 7. Alfajiri hiyo, saa kumi kwa saa zetu, chama cha Republican kule Marekani kilikuwa na mdahalo wa kwanza wa watia nia wake wa urais, mjini Cleveland. Walikuwa 17, na kumi wenye kura nzuri za maoni ndio waliopangwa jukwaa kuu. Jioni kuna mtu akatuma klipu kwenye grupu letu la WhatsApp, na mimi nikaifungua sebuleni, sauti juu, nikiwatafsiria kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.

Swali la kwanza kabisa lilikuwa hivi: nani kati yenu hayuko tayari kuahidi leo kwamba atamuunga mkono atakayeteuliwa, na kwamba hatagombea nje ya chama? Anyooshe mkono. Ukanyooka mmoja. Trump. Ukumbi ukazomea.

Kaka akacheka. "Angalau huyu kasema mapema."

Baba, ambaye nilidhani anasinzia, akajibu palepale. "Huo ni utoto. Mambo ya ndani ya chama unayatandazaje barabarani? Chama kina vikao."

"Vikao vya nani, Baba? Yameingia majina thelathini na nane, yametoka matano. Wewe umeambiwa sababu?"

"Na huyo wako angenyoosha mkono? Mwezi wa tano ungemuuliza mbele ya watu, ukikatwa utabaki, angekujibu nini?"

Kaka akanyamaza kidogo. "Sijui. Ila ningependa kumsikia. Na nyie wenye vikao ningependa kuwasikia."

Mama alikuwa anachambua mchele. Akauliza bila kunyanyua kichwa: "Mzee, wewe Dodoma ulipiga kura?"

"Balozi si mjumbe wa Mkutano Mkuu."

"Na huyu hakupiga. Mimi ndiyo kabisa. Wote mmeangalia kwenye TV, halafu mnanuniana kwenye nyumba yangu." Akapepeta ungo. "Mimi ningewauliza wote kitu kimoja tu. Ziwa lile pale, ukipanda mawe ya nyuma unaliona. Kwa nini sato ananishinda bei mimi ninayemuuza?"

Hakuna aliyemjibu. Ila tangu jioni ile Baba na Kaka waliongea bila posta. Kwa kugombana, lakini waliongea.

Sisemi mdahalo ni dawa ya kila kitu. Oktoba ile ile uliandaliwa mdahalo wa wagombea urais, Magufuli na Lowassa wote hawakutokea. Wakenya mwaka 2017 walimwona Raila amesimama peke yake jukwaani, Uhuru hakuja. Na huyo wa Cleveland alizomewa, halafu akawa Rais. Maneno matamu hayajengi barabara, hilo nalijua.

Ila mtu akiulizwa mbele yako, hata ugomvi wenu unakuwa na kitu cha kushika. Sisi tuligombania watu ambao hawakuwahi kutujibu. Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46, Lowassa akapata 39.97. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Kaka alisikia habari hiyo akiwa kijiweni kama abiria wake wote wanavyosikia, hakuna aliyempigia simu mdhamini wa Mabatini kumwambia tunarudi. Siku hiyo Baba angeweza kucheka. Hakucheka. Alimwambia tu, "Njoo ule." Leo wote wawili, Magufuli na Lowassa, ni marehemu, Mungu awapumzishe.

Januari 2025 ikaja na visa vyake. CCM walimpitisha mgombea wao Dodoma mapema, hata foleni ya fomu haikuwepo. Siku chache baadaye Chadema wakachagua mwenyekiti pale Mlimani City, Lissu 513, Mbowe 482, na Wenje, aliyekuwa mbunge wetu Nyamagana, akiukosa umakamu mbele ya Heche. Hapo Kaka alikesha na simu, Baba naye akajifanya anakunywa maji kila nusu saa ili achungulie matokeo. Ndivyo tulivyo. Tunapenda kuona watu wakishindana mbele ya macho yetu, hata kama kura si yetu.

Mama bado yuko Mirongo, na swali lake la sato bado analo. Wewe ukipewa maiki na dakika moja mbele ya anayetaka kukuongoza, ungemuuliza nini?