Kushuka Ruvuma Kutafuta Chumvi

Mwaka 1983 chumvi iliadimika Newala, sawa na sabuni, sukari na mafuta ya taa. Mjomba akaamua tushuke mpaka mdomo wa Ruvuma, kwa wavunaji chumvi wa pwani. Tuliongozana naye mimi, mwanawe ambaye ni binamu yangu, na mzee mmoja Mmakonde wa ng'ambo. Mzee huyo alivuka mto na wakimbizi wakati wa vita vya ukombozi, na hata Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 hakurudi.

Anayetujua Wamakonde kwa vinyago na sindimba tu hajui shida yetu kubwa ilikuwa maji. Wazee wetu walipanda juu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, wakiwakimbia Wangoni na wateka watumwa. Vichaka viliwaficha vizuri, lakini mchanga wa huko hunywa mvua yote, hata kijito huoni. Tangu ukoloni kulikuwa na mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni. Siku zetu dizeli ikikosekana, bomba lilitoa hewa. Mama zetu walishuka alfajiri na ndoo, wakapanda nazo kichwani, majani mabichi yakielea juu ili maji yasimwagike.

Tuliondoka usiku, mwezi wa Septemba, upepo ukituchoma masikio. Kulipopambazuka tulikuwa karibu na Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na kumwachia mtu bonde zima machoni. Ruvuma ilikuwa chini kabisa, mchanga mwingi kuliko maji, na ng'ambo yake milima ya buluu. Mzee akanyoosha fimbo upande wa Mueda, mji ambao Wareno waliwapiga risasi wananchi tarehe 16 Juni 1960. Hakutueleza chochote. Mjomba naye hakumhimiza kutembea mpaka alipoishusha fimbo mwenyewe.

Dumu la maji lilikuwa mikononi mwa mjomba. Alipima kwa kikombe cha bati: mzee kwanza, kisha sisi vijana, yeye mwisho. Binamu alipoomba nyongeza aliambiwa ameze mate. Chakula kilikuwa ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, na ming'oko bila chumvi, nawaambieni, inachosha kuitafuna.

Tulipoufikia mto nilitaka kujitupa majini. Mjomba akanishika shati.

"Mpwa wangu, mamba naye ana kiu."

Tukafukua mchanga mbali na mkondo, tukangoja. Maji yalijikusanya polepole, kwanza ya tope, kisha meupe, tukateka kwa kikombe kilekile. Safari hii hakuna aliyepimiwa.

Kutoka hapo ni joto, mbu, na vijiji vya kando ya mto kuelekea Kitaya na Kilambo, mpaka mikoko ikaanza na harufu ya bahari ikatupokea. Huko Msimbati watu walizungumzia gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka mmoja nyuma. Sikuwaamini. Ilipita zaidi ya miaka 20 ndipo gesi hiyo ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara. Sisi tulibadilisha korosho zetu kwa chumvi na samaki wakavu, tukageuka.

Kurudi kulikuwa na balaa jingine. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na mtu mwenye gunia karibu na mpaka alikuwa mshukiwa kabla hajafungua mdomo. Mgambo mmoja alitusimamisha.

"Chumvi yote hii ya nini?"

"Ya kula, mwanangu," mjomba akajibu, akimkabidhi barua ya mwenyekiti wa kijiji.

Aliisoma barua kwa muda mrefu sana, akachovya kidole guniani, akalamba, akachovya tena. Akatuachia, baada ya kujaza kofia yake.

Kilima kile cha mwisho, gunia lilibebwa zaidi na binamu, maana ndiye aliyekuwa na mabega. Tulipofika, mjomba hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, yaani mama yangu, akampimia chumvi kwanza, bakuli juu ya bakuli, kama desturi ya ukoo wetu inavyomtaka mwanamume. Mke wake alipata iliyobaki. Binamu sasa ni babu wa wajukuu, na kila tukikutana msibani hunidai chumvi yake.