Kumtafuta Kapteni Alex

Kwetu Dundori, upande wa Nakuru, filamu isiyosimuliwa ni nusu ya filamu. Katika kibanda cha video nilimokulia, cha mabati na mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, hakuna aliyejisumbua na maneno ya Mchina au Mhindi wa kwenye skrini. DJ Afro, msimulizi wetu wa filamu, alikuwa ameshamtilia Kiswahili mdomoni, akambadilisha jina na kumtania mbele ya maadui zake. Nilishakuwa mtu mzima nilipogundua kwamba baadhi ya filamu zile hazikutengenezwa ili zichekeshe.

Kwa hiyo mwuza muvi mmoja wa Lanet aliponiwekea kwenye flashi filamu ya Uganda iitwayo Who Killed Captain Alex?, sikuhitaji kubembelezwa. Risasi zinalia, helikopta inaangusha mabomu juu ya Kampala, majumba yanawaka moto wa kompyuta, na juu ya kelele hizo zote kuna mtu mwenye kelele kuzishinda: anawasifu makomando, anawacheka wanaokufa, anaahidi vita vikubwa zaidi punde si punde. Huyo ni VJ Emmie, msimulizi. Nikajua kwamba DJ Afro ana ndugu ng'ambo ya mpaka. Filamu yenyewe ni ya mwaka wa 2010, imetengenezwa katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa fedha zinazotajwa kuwa kama dola 200 za Marekani. Kwa fedha hizo Dundori utapata ndama, tena si wa kujivunia. Hawa wamepata vita.

Sikuwa nimewahi kutoka nje ya Kenya. Lakini binamu yangu anauza vipuri vya magari katika soko la Kisekka, Kampala, na kwa miaka mingi amekuwa akinialika. Nikatia sweta mbili kwenye begi, nikamwachia mke wangu kazi ya kukamua, nikashuka Nakuru kungoja basi la usiku.

Nilipata kiti cha dirishani, ambacho usiku hakina faida yoyote. Kericho ilipita gizani na majani yake yote ya chai. Kisumu niliijua kwa joto tu: abiria walianza kuvua makoti mmoja mmoja, nami nikavua sweta ya kwanza. Alfajiri tukawa Busia.

Nilitarajia mpaka uwe kitu cha kuonekana, ukuta au walau udongo wa rangi nyingine. Nikakuta msururu wa malori, akina mama wa ndizi na jengo moja ambamo maafisa wa nchi zote mbili wanakaa madirisha jirani. Unahudumiwa na Kenya, unapiga hatua chache, unahudumiwa na Uganda. Kitambulisho changu kilekile ninachoonyesha nikitumiwa pesa kilinitosha kuingia nchi ya watu. Kwa mwenye kubadilisha fedha nilitoa shilingi elfu tano nikapokea bunda lenye zaidi ya laki moja. Nilitembea kwa maringo hadi nilipoulizia bei ya chai.

Kutoka hapo sikusinzia tena. Jinja tulipita juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka wa 2018, lenye nyaya zinazoning'inia kutoka minarani, na abiria wenzangu wakaendelea na simu zao kana kwamba chini yetu si Mto Nile wa vitabu vya shule. Kisha ukaja msitu wa Mabira. Msitu ninaoujua mimi ni ule wa Dundori ambako misaiprasi imepandwa kwa mistari na kila mti una mwenziwe. Mabira haukupangwa na mtu, miti inagombania jua, na nilipochungulia ndani sikuona mwisho. Tulipotoka msituni basi likasimama na vijana wenye makoti ya kazi wakalivamia, mikononi wana kuku wa vijiti na gonja za kuchoma, wakivipandisha madirishani. Nilinunua vyote viwili. Gonja ni tamu kuliko inavyostahili ndizi iliyopikwa.

Sweta ya pili niliivua Kampala. Joto la pale lina unyevu, linakukumbatia bila idhini. Bodaboda zinapita kushoto, kulia na, wakati mmoja, kati yangu na binamu tukiwa tunazungumza. Nyumbani kwake binti wa jirani alikuja kunisalimu akapiga magoti. Nilidhani ameangusha kitu, nikainama kumsaidia kukitafuta. Binamu alicheka hadi akaketi. Akanieleza kuwa ndiyo heshima ya Waganda, na kwamba nikimjibu mtu mzima nisikimbilie Kiswahili, maana kwa wengi wa rika lake lugha hii ililetwa na askari. "Wewe sema polepole, utabasamu," alisema. Nilifuata, na mama mmoja aliyekuwa akikunja chapati na mayai, kile wanachokiita rolex, akaniita ssebo, yaani bwana, na kuniongezea nyanya.

Jioni hiyohiyo tuliingia kibanda cha video. Mabenchi nikayatambua. Filamu ilikuwa ya Kimarekani, na juu yake VJ akisema Kiganda kwa kasi ya mnada. Sikuelewa neno hata moja. Lakini nilijua hasa wapi pa kucheka, kwa sababu pale VJ alipopumua kidogo kabla ya adui kuanguka ndipo DJ Afro naye angepumua. Jirani yangu wa benchi aliniuliza jambo kwa Kiganda, nikaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Siku iliyofuata tulishika njia ya Nateete hadi Wakaliga. Nilitegemea geti na mlinzi. Tulifuata njia ya udongo kando ya mtaro, tukapishana na mbuzi, tukatokea kwenye ua wa nyumba za matofali. Hiyo ndiyo studio ya Captain Alex, Ramon Film Productions, iliyoanzishwa mwaka wa 2005 na Nabwana I.G.G. na kupewa jina kutokana na nyanya zake wawili waliomzaa baba na mama, Rachel na Monica. Mwenyewe sikumkuta. Alikuwa mfyatua matofali, na kompyuta zake alijiundia kwa vipuri. Jambo lililonigusa zaidi ni la utotoni mwake: hakwenda sinema. Kaka zake wakubwa walikwenda, wakarudi wakamsimulia ngumi na risasi zote. Alizisikia filamu kabla ya kuziona.

Nilikaa juu ya tofali nikalifikiria hilo. Sisi tuliokosa shilingi kumi tulisimama nje ya kibanda cha Dundori, sikio kwenye mabati, tukajichorea wenyewe kichwani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kuwa sauti ya VJ inaharibu filamu. Kwa Captain Alex ndiyo iliyoiokoa: nakala isiyo na VJ ilifutwa kwenye kompyuta kupisha kazi iliyofuata, na ile tunayoitazama leo, iliyowekwa YouTube bure tangu 2015, ni ile ya VJ Emmie.

Kijana mmoja mwigizaji, ambaye kazi yake kubwa ni kufa, alitutembeza. Vifaa vingi ni kazi ya Dauda Bisaso, fundi wa vyuma chakavu. Niliruhusiwa kubeba bunduki ya mashine; ilinielemea mgongoni kama pampu ya kunyunyizia viazi dawa ikiwa imejaa. Damu ni rangi ya chakula ndani ya kondomu, inafungwa kifuani na kupasuliwa. Zamani ilikuwa ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja alipougua. Mfugaji yeyote wa kwetu angewaonya mapema. Hakuna anayelipwa mshahara: waigizaji hubeba diski nyumba hadi nyumba, wanauza, na sehemu ya bei ni yao.

Tukapumzika kivulini, naye akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Kenya kuna filamu gani? Nairobi Half Life ameiona. Nyingine?

Nilimpa kwanza The Battle of the Sacred Tree ya Wanjiru Kinyanjui, ya mwaka wa 1995. Mumbi anamkimbia mume mkatili Nairobi na kurudi kijijini kwa babake, na huko akina mama wa kikundi cha kanisa wameazimia kuukata mugumo mtakatifu. Ni vichekesho vya kijiji, na mtu wa Dundori atawatambua akina mama wale bila kuambiwa majina. Kisha nikamtajia Kati Kati ya Mbithi Masya, ya 2016, ambamo wafu wanangoja katika hoteli ya nyikani, na mmoja anafika bila kukumbuka alikufaje. Hapo mfa-kwa-kazi alisogea karibu.

Ya tatu nilisita kuitaja. Something Necessary ya Judy Kibinge, ya 2013, inamhusu Anne, ambaye baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 hana mume, shamba limeteketezwa na mtoto yuko hospitalini. Joseph, kijana aliyekuwa katika genge lile, anamzungukazunguka akitafuta namna ya kulipa kisicholipika. Mimi ni wa Nakuru, na Januari 2008 Nakuru iliwaka. Filamu hiyo niliitazama peke yangu na sikutaka sauti ya mtu yeyote juu yake, hata ya DJ Afro. Nilimwambia aitazame usiku, watoto wakishalala.

"Nitaipata wapi?" akauliza. Hapo ndipo penye kero. Pale Lanet utanakiliwa filamu ya Marekani iliyotoka juzi kabla chai haijapoa. Ukiulizia ya Wanjiru Kinyanjui, mwuzaji anakutazama kama mdai. Filamu za kwetu nimezipata kwa kuombaomba, kwa mwalimu huyu na kwa rafiki wa rafiki yule, na hivyo ndivyo nilivyomwahidi kumpelekea.

Naye akanilipa kwa Bad Black, ya 2016, ambayo sasa naipendekeza kabla hata ya Captain Alex kwa yeyote asiyependa vita vitupu. Daktari wa Kimarekani anaibiwa na genge la mitaani linaloongozwa na msichana, na anayemfunza ukomando ili arudishiwe mali yake ni mtoto mdogo aitwaye Wesley Snipes.

Kabla ya kuondoka nilimwuliza lililonitoa Dundori. Katika ile filamu Alex anakufa, kaka yake Bruce U anaingia vitani kwa mateke ya Shaolini kumlipizia kisasi, Kampala nzima inaporomoka, na mwisho unafika bila mtu kutuambia. Ni nani aliyemwua Kapteni Alex?

"Ssebo," akasema akinihesabia chenji ya diski, "hata sisi tunauliza."