Kabla ya kununua miguu ya bunduki, jaza mchanga mifuko miwili

Mimi ni afisa wanyamapori, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ugani vijijini. Wenye bunduki za kibali huniuliza mara kwa mara: "Afisa, nikienda kupiga shabaha ninunue miguu gani ya kuegemezea?" Kabla sijajibu, nikusimulie kosa langu.

Mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa na stashahada na kujiamini kwingi, nilipewa bunduki ya .375 nihakiki kama inapiga sawa. Nililaza mtutu juu ya jiwe, nikapiga risasi tatu kwa mita 100. Zote zilienda juu. Nikarekebisha vilengeo mpaka zikashuka katikati, nikaondoka nimeridhika.

Siku chache baadaye nyati aliingia mashambani. Nilimpiga nikiwa nimesimama, bila jiwe. Risasi ilipita chini, ikavunja mguu wa mbele, naye akajificha kichakani. Kwa siku mbili, mpaka tulipompata, hakuna mama aliyethubutu kwenda kuvuna mpunga wake.

Bunduki haikuwa na kosa. Mtutu hutikisika risasi inapotoka, na ukiulaza juu ya kitu kigumu husukumwa kukikimbia. Mimi nilirekebisha jiwe, sikurekebisha bunduki.

Kwa hiyo zingatia haya:

1. Egemeza sehemu ya mbao iliyo chini ya mtutu. Mtutu wenyewe usiguse kitu chochote.

2. Anza na mifuko miwili ya mchanga mkavu. Hata mguu wa suruali kuukuu ya jinzi unafaa. Mkubwa uweke mbele, mdogo chini ya kitako. Ukiuminya ule mdogo kwa mkono, mtutu unashuka, ukiulegeza, unapanda. Kwa kuhakiki bunduki, njia hii ni rahisi na inaaminika.

3. Miguu miwili ya kufunga kwenye bunduki inafaa ukipiga umelala. Mifupi ya sentimita 15 hadi 23 hutosha, lakini kwenye majani marefu hutaona kitu. Juu ya saruji hurukaruka, hivyo tandika mkeka au gunia. Isukume mbele kidogo kwa bega, na kagua skrubu kila mara.

4. Fimbo tatu zilizofungwa juu ni za anayepiga akiwa amesimama. Hazitulii kama mchanga, ila porini ndizo utakazokuwa nazo.

Usidharau mtikisiko mdogo. Kama vilengeo viwili vimeachana sentimita 50, cha mbele kikisogea milimita 1 tu, risasi inapotea sentimita 20 kwa mita 100.

Ukimaliza kwenye mchanga, piga tena risasi chache kwa mkao utakaoutumia kweli. Zikienda mahali pengine, amini zile za mkao wako, wala usijidanganye na karatasi nzuri ya mwanzo.

Mwisho, piga kwenye uwanja ulioruhusiwa tu, wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Egemeo zuri linatuliza mkono, lakini risasi iliyokosa itasimamishwa na tuta.

Ukiwa na shaka, mwone afisa aliye karibu nawe kabla ya kutoa hela. Mifuko ya mchanga ingenigharimu nusu saa. Jiwe liliwagharimu watu wengine siku mbili za mavuno.