Pikipiki ya Marehemu Baba

Juma hili tunaomba mtuvumilie tukizungumza habari za vyuma. Tangu mwezi Januari sisi ndugu wawili, pamoja na mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, tumekuwa tukizimalizia jioni zetu katika banda lililo nyuma ya nyumba ya wazazi wetu hapa Mbinga, tukifungua na kufunga Honda CG125 iliyokuwa ya marehemu baba. Wapo waliotuuliza kwa upole, na wengine bila upole, kwa nini watu wazima wahangaike na pikipiki kuukuu ilhali mpya za Kichina na za Kihindi zimepangwa madukani kwa kila rangi. Swali hilo ni halali. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye alikuja mara mbili na mizani yake, akitaka kuipima kwa kilo.

Baba alikuwa bwana shamba. Alizunguka katika vilima vya Umatengo, huko ambako wakulima hulima kwa ngolo, yaani yale mashimo yenye matuta yanayozuia mvua isiusombe udongo wa mlimani, naye akiwafundisha kupogoa mikahawa na kupambana na chulebuni. Nyuma ya pikipiki hiyo palikuwa na karia nzito ya chuma, na juu yake tulipata kuona miche, magunia ya mbolea, mabati, na safari moja mbuzi aliyefungwa miguu yote minne. Siku za Jumapili karia ilikaa tupu. Abiria alikuwa Mama, ameketi upande upande kwenye kiti kirefu, mkono mmoja kiunoni mwa Baba na mwingine umeshika kitambaa cha kichwani kisipeperuke.

Baba alipofariki pikipiki ilisukumwa bandani, ikafunikwa turubai, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyethubutu kuomba ruhusa ya kuigusa. Hatukukatazwa kwa maneno. Ila kila mtu alijua. Kisha Krismasi iliyopita, tukiwa mezani, Mama akasema kama mtu anayeagiza chumvi: “Basi kitengenezeni hicho chuma. Kinatagiwa na kuku.” Tukatazamana, tukanyamaza, kisha tukaendelea kula.

Kwa wasioifahamu pikipiki hii, inafaa tueleze kidogo. CG125 ilitoka mwaka 1976, nao wahandisi wa Honda waliiunda wakifikiria nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito, huenda katika vumbi, na oili yake hubadilishwa pale mwenyewe atakapokumbuka. Injini nyingine za Honda za ukubwa huo zilikuwa na kamshafti juu kabisa, ikizungushwa kwa cheni ndogo. Katika CG kamshafti iliwekwa chini, ikaendeshwa kwa gia, na valvu zikasukumwa kwa fito. Kwa mtu wa mashindano huko ni kurudi nyuma. Kwa bwana shamba wa Mbinga ilikuwa neema, kwa maana kisichokuwepo hakikatiki njiani. Tena muundo huo ulikuja kunakiliwa kwa wingi nchini China, ndiyo maana hata leo pistoni, ringi na valvu za kufaa pikipiki ya Baba hupatikana katika duka lolote linalouza vipuri vya bodaboda. Laiti ingekuwa pikipiki ya fahari zaidi, tungekuwa tumekwisha kuikabidhi kwa yule wa mizani.

Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Tulitoa plagi, tukamimina dizeli, tukaacha siku nne, tukajaribu kiki kwa mkono, haikutikisika, tukamimina tena. Siku ya tisa ilisogea kiasi cha unene wa ukucha, na mpwa wetu akapiga ukelele uliomtoa jirani ndani. Silinda tuliipeleka Songea kukerezwa. Kipenyo chake cha kiwandani ni milimita 56.5, fundi akakitoa hadi 57, tukanunua pistoni ya saizi hiyo. Waya za umeme panya walikuwa wamezila, na mpwa wetu, ambaye amesomea umeme wa magari katika chuo cha ufundi, akaung'oa mfumo wote wa zamani wa volti 6 pamoja na platini zake, akaweka koili na magneti za volti 12. Katika kazi hiyo sisi wajomba wake tulikuwa vibarua wa kushika tochi.

Lakini kijana hakuja kwa ajili ya kukarabati tu. Tangu siku ya kwanza alikuwa na picha katika simu yake: pikipiki nyembamba, usukani umeshushwa chini, madigadi ya nyuma hayapo, na kiti cha mtu mmoja chenye kinundu kwa nyuma kama mgongo wa ng'ombe. Mtindo huo una historia ndefu. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa Uingereza walikutana katika migahawa ya kando ya barabara kuu, na uliovuma kuliko yote ni Ace Cafe wa London, uliofunguliwa mwaka 1938. Hawakuwa na fedha za kununua pikipiki za mashindano, hivyo walizichukua za kawaida na kuzipunguza: wakaondoa kila kilichokuwa kizito na kila kilichokuwa cha starehe. Wengine waliichomoa injini ya Triumph wakaipachika katika fremu ya Norton, wakaiita Triton, kwa kuwa waliamini kuwa wa kwanza anajua injini na wa pili anajua fremu. Mgahawa huo ulifungwa mwaka 1969, ukafunguliwa tena mwaka 2001, na mtindo wake umeenea duniani kote kupitia mabanda ya nyuma ya nyumba kama hili letu.

Tunakiri kwamba picha ilitupendeza. Pikipiki iliyopunguzwa kwa akili ina uzuri wa mfupa uliosafishwa.

Jioni moja, basi, mpwa wetu alichora mistari miwili kwa chaki kwenye fremu, kulia na kushoto, nyuma kidogo ya pale shokapu zinapofungwa. Hapo ndipo msumeno ungepita. Kipande cha nyuma kingetoka, na kiti kifupi kingekaa mahali pa kile kirefu. Msumeno ulikuwa mezani na uzi mpya. Mama akaja na chai. Aliitazama ile chaki kwa muda, akaweka birika chini, akauliza mistari ile ni ya nini. Kijana akamweleza kwa adabu na kwa shauku, akamwonyesha na picha. Mama aliishika simu mbali na macho yake kama wafanyavyo wazee, akaitazama, akairudisha.

“Nzuri,” akasema. “Ila mimi sina mahali pa kukaa.”

Akachukua birika akarudi jikoni. Kijana akabaki ameshika simu, nasi tukaona haya kumtazama. Mama yetu ana umri wa miaka sabini na minne na goti lake la kushoto halipindi vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewaza kwamba angepanda tena pikipiki. Yamkini hata yeye hakuwa amewaza. Lakini mahali pake palikuwa pale, na msumeno ulikuwa mezani.

Mistari ya chaki ilikaa wiki mbili. Katika wiki hizo tulizungumza sana kuhusu kipi kinakatika na kipi hakikatiki, na mazungumzo hayo, kwa maoni yetu, ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe. Sehemu moja haikuwa na mjadala: shingo ya fremu, pale palipogongwa namba ya chasisi. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa katika kadi yenye jina la Baba. Ukiikata au kuisaga, umebaki na chuma ambacho mbele ya sheria hakina mwenyewe, na hata urithi hauwezi kukihamisha. Tena shingo ndiyo inayobeba nguvu zote za breki na za mashimo ya barabarani. Tumewaona vijana wakikata hapo ili kulaza uma wa mbele, kisha wakachomelea kwa vijiti vilivyokaa mvuani. Tunawasihi wasifanye hivyo. Kiungo kibaya cha mkiani kitakuangushia mzigo. Cha shingoni kitakuangusha wewe mwenyewe, ukiwa katika mwendo.

Kuhusu mengine kila mtu alikuwa na hoja. Karia ilitoka, na Mama hakuipinga, kwani alisema ilikuwa ya mbolea. Madigadi ya mbele ikafupishwa. Usukani ukashushwa, si chini sana. Kiti kirefu kikabaki, kikapewa sponji jipya na ngozi nyeusi kwa mshona viti wa sokoni, na vikanyagio vya abiria vikarudi mahali pake. Hapo kijana alinuna siku tatu, nasi hatumlaumu, maana ndoto yake ilikuwa imekatwa pasipo msumeno.

Ili kumtuliza tulimsimulia habari za Burt Munro wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Mzee huyu alinunua Indian Scout mpya mwaka 1920, pikipiki ambayo mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita zipatazo 89 kwa saa, akaishi akiibadilisha kwa mikono yake katika banda. Alisubu vipuri katika makopo ya bati, na spoku kuukuu ndiyo iliyokuwa kipimo chake cha maikromita. Tarehe 26 Agosti 1967, katika tambarare za chumvi za Bonneville huko Utah, Marekani, akiwa na miaka 68, aliweka rekodi ya kilomita 295.453 kwa saa kwa pikipiki ile ile. Alifariki mwaka 1978. Mwaka 2014 mwanawe aliona kwamba hesabu ya siku ile ilikosewa, ikasahihishwa kuwa 296.259, mzee akaongezewa mwendo miaka thelathini na sita baada ya kuzikwa.

Kinachotugusa zaidi ni rafu yake. Pistoni zilizopasuka na vyuma vilivyovunjika hakuvitupa. Alivipanga ukutani, akaandika juu yake kwamba ni sadaka kwa mungu wa kasi. Ulikuwa utani wa fundi, wala hatuoni sababu ya kumhukumu. Mpwa wetu alicheka, na kesho yake akapigilia ubao ukutani. Juu yake sasa ipo pistoni ya zamani, platini, klachi iliyoungua, na karia ya mbolea iliyosimamishwa kando kwa kuwa haienei. Hakuandika kitu.

Tangi lilitupa kazi ya pekee. Lilikuwa na kutu ndani na bonyeo upande wa kulia, kubwa kama kiganja. Kutu tuliitoa kwa kokoto na siki, tukilitikisa kwa zamu hadi mabega yakauma. Lilivuja penye mshono, likahitaji moto, na hapo tuwaonye wanaojaribu nyumbani: tangi lisilo na petroli huweza kuua kwa wepesi kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena, kisha lijazwe maji hadi karibu na pale panapochomelewa. Mchomeleaji mwenye haraka aachwe aende na haraka yake.

Bonyeo lile lilitokea katika mvua za El Niño za mwaka 1998. Baba aliteleza akivuka kijito, akaanguka juu ya jiwe. Alifika nyumbani usiku, ametapakaa tope, na jambo la kwanza alilouliza ni kama miche imepona. Fundi wa rangi alitaka kulijaza bonyeo kwa puti na kulisawazisha, akisema hakuna kazi safi yenye shimo. Ni mpwa wetu aliyekataa, yeye ambaye hata hakuwa amezaliwa mwaka huo. Alisema lipakwe rangi hivyo hivyo. Likapakwa kijani kibichi, na jua la jioni likiliangukia upande ule bonyeo huonekana wazi kabisa.

Injini iliwaka Jumamosi iliyopita kwa kiki ya sita. Ilitoa moshi wa bluu, ikakohoa, kisha ikatulia. Tulidhani Mama angetoka mbio, lakini alitokea mlangoni taratibu akifuta mikono, akasikiliza huku ameinamisha kichwa. Enzi za Baba alikuwa akiitambua pikipiki hiyo ikiwa bado chini ya mlima, akatenga ugali kabla taa yake haijaonekana. Sisi watoto tulidhani ni uganga. Ekzosi ya zamani ilikuwa imeoza, tukafunga mpya ya duka. Mama akasema siyo. Kijana akaifungua, akapunguza vibati vya ndani, akaifunga, akawasha. Mama akasema hiyo ni ya bodaboda wa stendi. Jumanne wakajaribu tena, safari hii wakiwa wawili tu bandani, yeye ameketi juu ya kiti kirefu akitoa maelekezo, goti lake limenyooshwa mbele: nzito kidogo, mwanangu, na polepole, isiwe na haraka hivyo.

Mpaka tunapoandika haya, ekzosi ya tatu iko juu ya meza ya banda, imekatwa katikati, ikisubiri mchomeleaji.