Takrima, Sabuni na Nauli: Bei ya Kiti cha Wadi

Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Methali hii siku hizi imegeuzwa hoja ya kampeni. Kwetu Mbololo, katika eneo bunge la Voi, husemwa kwa kicheko kila mwaniaji anapofunga mkutano bila ya kuacha chochote. Katika makala hii nakusudia kueleza kwa nini sheria ya fedha za kampeni haijaota mizizi nchini Kenya, na jinsi lugha yetu wenyewe inavyochangia hali hiyo.

Nianze na shangazi yangu. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, wanawake wa chama chao walimwomba awanie kiti cha mwakilishi wadi. Ada ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikumtisha, kwani kanuni ziliweka shilingi 5,000 kwa mwaniaji wa wadi, na nusu ya kiasi hicho kwa wanawake. Kilichomrudisha nyuma ni orodha isiyoandikwa katika kanuni yoyote: gari la kukodi la kupanda na kushuka vilima vyetu, mafuta, vipaza sauti, fulana, posho za mawakala, na "ya sabuni" kwa kila kikundi kitakachomsikiliza. Alipojumlisha, alikuta gharama inapita thamani ya shamba lake. Hakuwania. Kijiji kikakosa mtu aliyekijua kisima kwa kisima, wala hapana aliyemkataza kwa sheria.

Waama, sheria ipo. Ibara ya 88 ya Katiba ya 2010 inaipa Tume jukumu la kudhibiti fedha zinazotumiwa na mgombea au chama. Mwaka 2013 ikapitishwa Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi, iliyokusudia mgombea atangaze wafadhili wake na asivuke kikomo cha matumizi. Wabunge wakaahirisha utekelezaji wake hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Mnamo Agosti 2021 Tume ilichapisha viwango katika gazeti rasmi la serikali, kikiwemo cha takriban shilingi bilioni 4.4 kwa mwaniaji wa urais. Bunge la Taifa likazikataa kanuni za Tume, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila ya kikomo. Fisi alikuwa amekabidhiwa bucha.

Yafaa tulinganishe na Marekani, ambako mjadala huu ni mkongwe. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba michango kwa mgombea yaweza kuwekewa mpaka, lakini kuzuia matumizi yake ni kuzuia uhuru wa kusema. Sheria ya 2002 iliyohusishwa na maseneta McCain na Feingold ilijaribu kuziba mianya. Mwaka 2010, katika kesi ya Citizens United, mahakama hiyo ikayaruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha bila ya kikomo, mradi tu wasishirikiane na mgombea. Hivyo basi, mrekebishaji wa Marekani hukabiliana na tafsiri ya katiba yake. Sisi Katiba iko upande wetu. Kinachokosekana ni utashi wa wale walionufaika na ukimya wa sheria.

Jirani zetu wa Tanzania wanatupa funzo lililo karibu zaidi na taaluma yetu. Neno takrima, lenye asili ya Kiarabu na maana ya heshima na ukarimu kwa mgeni, liliingia katika siasa, na marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yakaihalalisha desturi hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo, ikiona kwamba vinambagua mgombea asiye na mali. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata mwaka 2010. Neno zuri lilikuwa limevishwa tendo baya, na ilibidi mahakama ilivue.

Kwetu hatukupata neno moja tukufu. Tuna mengi madogo: chai, sabuni, nauli, kitu kidogo. Kila moja hulipunguza kosa hadi likatosha mfukoni. Hata hivyo, simlaumu mpokeaji kwa wepesi. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na ndovu wa Tsavo, na ambaye humwona kiongozi mara moja katika miaka mitano, huiona shilingi 200 kuwa huduma pekee atakayoipata. Lakini tuzigawe shilingi hizo kwa siku za muhula mzima: hazifiki senti 12 kwa siku. Hiyo ndiyo bei ambayo kwayo shangazi alizuiwa.

Marekebisho yatawezekana iwapo kanuni zitapitishwa mapema kabla ya uchaguzi, na hesabu za wagombea zikawekwa wazi ili hata mwanakijiji azisome. Zisomeke kwa Kiswahili, na hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa somo hili wana kazi. Tuzitafsiri sheria hizi kwa lugha inayoeleweka barazani, na katika kamusi na madarasa yetu tuiite hongo kwa jina lake. Sabuni na ibaki kuwa ya kufulia.